Gauni la Sita

Mzigo uliingia kibandani kwa Mama Pindo asubuhi, umefungwa kamba ya plastiki mara nne kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na aliyeubeba alikuwa Fundi Suti mwenyewe, jasho linamtiririka, tai shingoni. Fundi Suti hakuwa na ofisi ya kwenda wala mkutano wa kuhudhuria. Tai aliivaa ili wapita njia wajue kwamba yeye ni fundi wa wanaume. Na kweli, suruali yake ukiivaa unatembea kama mtu mwenye mshahara. Lakini mpe amshonee mwanamke gauni, mwanamke mwenye kifua na nyonga zake kama alivyojaliwa, anakutolea gunia la mkaa lenye mikono.

Siri hiyo ilijulikana na watu wawili tu. Kwa miaka tisa kila gauni lililopokelewa kwa Fundi Suti lilivuka barabara kimyakimya, likashonwa na Mama Pindo, likarudi kupigwa pasi na kutundikwa kwenye kioo cha Fundi Suti, watu wakisimama kulisifu. Mama Pindo naye akisimama pamoja nao, anasifu zaidi yao wote.

"Sita, dada," alisema Fundi Suti, akiutua mzigo juu ya meza. "Kitambaa kimoja, mtindo mmoja. Mikono mirefu, shingo ya duara, hakuna madoido."

"Hata kidogo?"

"Hata kifungo cha urembo. Mteja kanionya kabisa."

Mama Pindo akakata kamba. Kitambaa kilikuwa zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi. Akakipapasa kwa mgongo wa mkono, maana ncha za vidole zilikuwa zimekufa ganzi tangu dozi ya tatu ya kemo, dawa ya saratani. Alishapata dozi nne. Zilizoandikwa na daktari ni sita. Ya tano ilipaswa kuingia mshipani siku kumi na mbili zilizopita, lakini pale hospitali dawa haiingii mshipani kabla pesa haijaingia dirishani, na mwezi ule pesa na Mama Pindo walikuwa wamenuniana.

"Unazitaka lini?"

Fundi Suti akalegeza tai. "Hapo ndipo mimi mwenyewe sijaelewa. Tarehe hakuna. Kasema nishone niziweke. Siku ikifika atatuma mtu."

"Siku gani?"

"Sasa mtu kanilipa nusu, nianze kumhoji?"

Akamwachia karatasi sita za vipimo, akavuka barabara kurudi kwake. Karatasi hazikuwa na majina. Ndivyo walivyofanya kazi tangu mwanzo: Fundi Suti aliandika namba tupu, ili Mama Pindo asijue wateja ni kina nani akaja kumnyang'anya. Maskini Fundi Suti. Wako watu wanaosahau majina wakakumbuka sura. Mama Pindo alisahau vyote viwili akakumbuka nyonga.

Akachukua ya kwanza. Kifua arobaini na sita, kiuno arobaini na sita, nyonga hamsini na mbili, bega la kushoto lishushwe nusu inchi. Akatabasamu. Katika mji mzima alimjua mtu mmoja tu aliyenyooka kuanzia kwapani mpaka kiunoni kama pipa la maji, halafu bega moja limeshuka kwa kubeba mkoba mzito. Wifi yake, dada wa mume wake, mweka hazina wa mfuko wa ukoo. Wote walimwita Mweka Hazina, hata watoto.

Ya pili: mgongo uzidi mbele kwa inchi mbili. Mama mkwe wake, aliyepinda kama kishikio cha mwavuli. Ya tatu, wifi mdogo. Ya nne, mke wa Baba Mkubwa. Ya tano, binamu yao, yule asiyefunga mdomo. Ukoo mzima wa wanawake ulikuwa umelala pale mezani kwa namba, isipokuwa yeye.

"Kuna harusi sijaambiwa," alijisemea. Lakini harusi ina tarehe. Harusi ina madoido. Akatazama tena rangi ya kitambaa, akakisukuma mbali kabla akili haijamaliza hesabu.

Karatasi ya sita: kifua thelathini na moja, kiuno ishirini na nne. Chini yake Fundi Suti aliandika kwa mwandiko wake mzuri maneno ya mteja: *Acha pindo la inchi tatu, bado anakua.*

Kipimo hicho hakuhitaji kukikumbuka. Alikichukua kwa mkono wake wiki tano nyuma, alipomshonea binti yake sketi ya shule, na pindo la inchi tatu aliliacha mwenyewe. Hilo ndilo lililompa jina: nguo za watoto zikitoka kwa Mama Pindo zilivaliwa miaka miwili bila magoti kuonekana.

Akakaa. Akaiweka ya sita juu ya zile tano. Mwishowe akainua kichwa chake kisicho na unywele hata mmoja, akakirekebisha kitambaa cha kichwani, akasema peke yake:

"Wamenipimia msiba. Na fundi wa kushona ni mimi."

*

Jioni hiyohiyo Mweka Hazina alikuja kumjulia hali, mkoba begani, na ndizi nne mkononi. Tangu ugonjwa uingie nyumba ile alikuwa na tabia ya kuongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeko mbele ya jeneza, huku macho yanazunguka kuhesabu viti.

"Pole, mgonjwa wetu."

"Nimeshapoa, wifi. Karibu kiti. Hicho ni cha nne, kama ulikuwa hujamaliza kuhesabu."

Mume wake, Baba Rangi, aliinamisha kichwa ili asicheke. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, mpole, kucha zake hazijawahi kuwa na rangi moja. Dozi ya nne ilikuwa ni ngazi yake ndefu aliyoiuza. Tangu hapo alipaka ukuta mpaka mkono unapofika, na juu ya hapo anakodi ngazi kwa saa, akipaka kama mtu anayefukuzwa.

"Wifi," alisema Mama Pindo, "nataka kukuuliza la mfuko. Dozi mbili tu zimebaki. Tukopesheni, tutarudisha kidogokidogo."

Mweka Hazina akashusha pumzi ndefu. "Mngekuwa wageni ningewaeleza. Lakini katiba mnaijua. Mfuko ni wa harusi na msiba. Ugonjwa haumo. Tukiuingiza ugonjwa, kila mwenye kikohozi atakuja na risiti."

"Kwa hiyo mimi nikitaka pesa ya mfuko, ama niolewe ama nife."

"Usiseme maneno hayo!"

"Kuolewa nimeshaolewa."

Baba Rangi akakohoa. "Dada, daktari anasema dawa inafanya kazi..."

"Mdogo wangu, madaktari si wanauza? Muuzaji gani atakwambia bidhaa yake mbovu?" Akamgeukia Mama Pindo, sauti imerudi jenezani. "Wifi, cha muhimu sasa ni kupumzika. Usijitese. Waachie vijana hizo cherehani."

"Siwezi kupumzika, nimepata kazi. Magauni sita."

"Ya nani?"

"Ya watu fulani wana shughuli," alisema Mama Pindo, akimenya ndizi. "Siku yenyewe bado haijajulikana."

Mweka Hazina akakumbuka kwamba giza linaingia.

*

Kesho yake Mama Pindo alikwenda hospitali kubwa bila pesa, kuomba. Kuomba nako kuna foleni. Alisimama kuanzia saa moja, miguu inawaka kama imekanyaga makaa, mpaka alipofika dirishani na kuonana na mwanamume aliyekuwa anakula karanga na kumtazama kwa jicho moja tu, la pili liko kwenye simu.

"Risiti."

"Sina risiti, baba. Nimekuja kuuliza kama naweza kulipa nusu leo, nusu..."

"Hapa si sokoni, mama. Mwingine!"

Aliyesimama nyuma yake, mzee mwenye kidonda shingoni, akasogea mbele kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyemfukuza.

Mama Pindo hakuondoka. Akapitia mlango wa pembeni, akaingia kwenye chumba cha kemo, akaketi kwenye benchi kama mwenye haki. Chumba kilikuwa na wanawake kumi na mmoja na viti vya kuegemea vitano. Wengine walining'iniziwa dripu wameketi kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, saa nne, saa tano, wakiegemeana. Pazia lilikuwepo zamani. Vishikizo vyake bado vilikuwa juu. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la mikono mirefu alikuwa amelivua bega zima ili sindano ifike mkononi, amejifunika kifua kwa gazeti. Kila mtu akiingia, gazeti linapanda.

Mama Pindo akalitazama lile gazeti kwa jicho la fundi. Mkono wa gauni ukichanwa hapa, ukawekwa vifungo vitano kutoka kwenye kiwiko kwenda juu, nani atahitaji gazeti?

"Wewe ulipotelea wapi?" Ilikuwa sauti ya Sista Mrefu, muuguzi ambaye miguu yake ilifika chumbani kabla yake. Akamshika mkono, akaugeuza kutazama kucha zilizopiga weusi. "Ganzi imepanda?"

"Jana nilijichoma sindano, nikajua baada ya kuona damu kwenye kitambaa."

"Na maumivu? Usiku unalala?"

"Nalala, sista. Macho tu ndiyo yanakesha."

Sista Mrefu akaweka mikono kiunoni. "Miezi minne hujasema?"

"Niseme, halafu niongezewe bei?"

"Ipo dawa ya maji, mama. Unapimiwa kijiko kwa saa zake. Hiyo hailipiwi hata senti. Na ganzi tungempa daktari taarifa apunguze kipimo."

"Mbona sikuambiwa?"

Sista Mrefu akatazama pembeni, kule dirishani. "Kwa sababu hapa kila mtu anakuuliza risiti. Hakuna anayekuuliza inauma wapi." Akamwandikia kikaratasi, akampeleka mwenyewe mpaka kwa daktari bila kupanga foleni, na waliopanga foleni walipoguna aliwaambia, "Guneni, kesho nitampitisha anayeguna vizuri."

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akapima, akapima tena.

"Ulipokuja mara ya kwanza kivimbe kilikuwa kama limau. Sasa ni kama punje ya karanga. Dozi mbili, halafu tunakitoa. Lakini ukivusha wiki hii na ijayo bila dawa, kitaanza kuota upya, na zile nne za mwanzo zitakuwa zimekwenda bure."

"Wiki mbili."

"Na hizo ninakupa kwa moyo mweupe."

Mama Pindo akatoka na chupa ya dawa ya maumivu mkobani. Usiku ule alilala mpaka asubuhi, mara ya kwanza baada ya miezi minne, na Baba Rangi aliamka mara tatu kumsikiliza kama anapumua.

*

Alishona siku tano. Mume wake alimtungia uzi kwenye sindano kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, sindano ishirini, akazichomeka kwenye mto mdogo zikasimama kama askari. Siku ya tatu akauliza magauni ni ya nani, na Mama Pindo akamweleza, karatasi kwa karatasi. Ya sita hakuisoma. Alimpa asome mwenyewe.

Baba Rangi alisoma, akakunja karatasi mara mbili, akaikunjua. "Dada alimwambia mtoto anampimia sketi nyingine ya shule," alisema. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshikia tepu." Akatoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na alisema ni rangi ya mafuta.

"Usiende kugombana," Mama Pindo alimwambia. "Jumapili kuna kikao cha mfuko, si ndiyo? Wewe beba mkoba tu. Mdomo nitabeba mwenyewe."

*

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Baba Mkubwa, kaka yao wa kwanza, mwenyekiti wa mfuko, mtu aliyependa katiba kama wengine wanavyopenda supu. Alikuwa amefika ajenda ya tatu mlango ulipofunguka.

Mama Pindo aliingia amevaa gauni la zambarau iliyokolea, mikono mirefu, shingo ya duara, halina madoido. Lilikuwa limemkaa mpaka likatia wivu. Kichwani hakuvaa kitu. Kile kipara aliking'arisha kwa mafuta. Nyuma yake Baba Rangi alibeba mkoba mkubwa.

Mweka Hazina aliinuka nusu, akakaa.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema Mama Pindo. "Nimesikia kuna msiba wangu, nikaona nisikose."

"Msiba wa nani?" aliuliza Mama Mkwe, mkono sikioni.

"Wangu, mama. Na sare zimeshakamilika. Naomba nigawe."

Akatoa la kwanza, akampelekea mama mkwe mapajani. Akatoa la pili, la tatu, kila moja kwa mwenyewe, bila kuuliza, bila kukosea. Binamu asiyefunga mdomo akalifunua lake, akaliweka kifuani, na mdomo ukamfunga.

"Lakini hili ni lile la zawadi!" Mama Mkwe alimgeukia binti yake wa kwanza. "Si ulinipima ukaniambia ni zawadi?"

"Mama, ni... nilikuwa natangulia tu. Vitu vinapanda bei."

"Unatangulia wapi?"

Baba Mkubwa akavua miwani. "Mweka Hazina. Hiki kitambaa kimetoka mfuko gani?"

"Mwenyekiti, siku ya msiba watu wanakimbizana, tunanunua kwa bei ya kuruka. Nilitaka tuwe tumejipanga. Na turubai nilikuta zina punguzo..."

"Turubai?" alisema Baba Rangi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu walishtuka, maana kwenye vikao huwa hasemi.

"Mbili. Na viti mia na hamsini. Malipo ya mwanzo tu."

"Viti mia na hamsini," alirudia Mama Pindo. "Wifi, nashukuru. Sikujua ninapendwa hivyo. Kule hospitali kuna viti vitano, na wewe umenitafutia mia na hamsini. Tatizo ni kwamba nitakuwa nimelala." Akawageukia wote. "Mniwie radhi, mimi hesabu yangu ni ya cherehani. Kitambaa, ushonaji, turubai, viti. Nimejumlisha. Inatoka dozi moja kamili na nauli ya kwenda na kurudi. Dozi yangu imekaa chini ya turubai inanisubiri nife niende kuitazama."

"Katiba," alisema Mweka Hazina, akishika mkoba kwa mikono miwili, "inasema wazi..."

"Isome," alisema Baba Mkubwa.

"Mwenyekiti unaijua."

"Isome, na sisi tusikie."

Akaisoma, kwa taabu. Pesa za mfuko zitatolewa kwa harusi ya mwanaukoo, au pale mwanaukoo *anapofariki*.

"Sasa aliyefariki ni nani?" aliuliza Baba Mkubwa.

Mama Pindo akajitazama mikono, miguu, akajipapasa shavu. "Kama ni mimi, basi mnisaidie, maana mwenzenu njaa inaniuma."

Binamu akacheka, akaziba mdomo kwa gauni la msiba.

"Mimi sikuja kuomba," aliendelea Mama Pindo, na sasa mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Kuomba nimeomba dirishani, nikaambiwa si sokoni. Nimeomba kwangu, nikaletewa ndizi nne. Mmeshatoa pesa ya maiti kwa mtu aliye hai. Mlango wa mfuko mmeuvunja nyinyi wenyewe, mimi napita tu. Nataka dozi yangu. Uvimbe ulikuwa limau, sasa ni karanga. Mnataka nife na karanga?"

"Na kama hamtaki," alisema Baba Rangi, akasimama, "mimi nimelipa miaka kumi na moja. Hata mwezi niliouza ngazi nililipa. Nipeni changu nitoke."

"Anayejitoa hazikwi na ukoo!" Mweka Hazina alifoka, sauti ya jeneza imempotea kabisa.

"Sawa tu, wifi," alisema Mama Pindo. "Hatuna haraka ya kuzikwa."

Mama Mkwe alikuwa akiyahesabu magauni kwa vidole: moja, mbili, tatu. "Magauni haya mbona matano?" aliuliza. "Niliona wamepimwa sita. Mjukuu wangu naye alipimwa."

Mama Pindo akamtazama Mweka Hazina.

"La sita sikulishona, mama. Mtoto wangu havai nguo hii. Kitambaa chake ndicho nilichovaa mimi." Akajishika kiuno. "Nimekonda mpaka cha mtoto kinanitosha. Waliandika niache pindo la inchi tatu, eti bado anakua. Nimeliacha. Na mimi bado nakua."

Ndipo Mama Mkwe alipolia, si kwa sauti, akijifuta na lile gauni. Halafu akajifuta vizuri, akalikunja, akalitupia miguuni pa binti yake. "Mimi ndiye mkubwa humu. Msiba wa kwanza kwa foleni ni wangu, na mimi sijapanga foleni. Pesa ya turubai irudi leo."

"Nitamwambia nini mwenye turubai, mama? Nimeshasaini!"

"Mwambie," alisema Mama Pindo, "marehemu amekataa."

Baba Mkubwa akaandika. Aliandika kwamba malipo ya turubai na viti yarejeshwe, kilichopungua kijaziwe na mfuko, na zote zipelekwe dirishani kesho asubuhi kwa dozi ya tano. Kwamba mweka hazina asindikize fedha mwenyewe na kurudi na risiti. Kuhusu dozi ya sita aliandika kwamba itajadiliwa kikao kijacho, maana alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kumaliza jambo siku moja.

*

Siku ya nne baada ya kikao Mama Pindo aliketi kwenye chumba cha kemo na gauni lake la zambarau. Alikuwa ameuchana mkono wa kulia kuanzia kiwiko kwenda juu, akauwekea vifungo vitano. Sista Mrefu alifungua vitatu, akaingiza sindano, akasimama kutazama.

"Hii nguo umeitoa wapi?"

"Sare ya msiba wangu."

"Inafunguka vizuri."

"Nilimuuliza fundi, akasema msiba wa kisasa lazima ufunguke."

Yule mwanamke wa gazeti, kwenye benchi la pili, akalishusha kidogo. "Na mimi unaweza kunitengenezea hili langu?"

"Leta hapa. Mkono wa kwanza ni wa mfano, halafu tutaongea bei. Mimi si kama dirisha, kwangu ni sokoni."

Mweka Hazina alikuwa ameketi kando yake kwenye ukingo wa benchi, mkoba mapajani, risiti ndani ya mkoba. Naye alikuwa amevaa lake. Aliulizwa kwa nini, akasema gauni limeshonwa, limelipiwa, aliache lioze? Saa nzima alikuwa amekaa akilitazama lile gazeti likipanda na kushuka, yule mzee mwenye kidonda shingoni akisinzia kwa kuegemea ukuta, viti vitano. Mara moja midomo ilimcheza kama anayejumlisha.

"Nitungie uzi, wifi," alisema Mama Pindo, akampa sindano kwa mkono usio na dripu. "Vidole vyangu bado havijarudi."

Mweka Hazina akalowesha uzi mdomoni, akakosa. Akakosa tena. Mara ya sita ukaingia. Akainama kuirudisha sindano, na ubavuni pakalia *krr*. Akashika kiuno, akaguna.

"Wifi, nisikufiche. Hili gauni linanibana. Tangu asubuhi napumua nusunusu."

"Najua. Nimelipunguza inchi moja."

"Kwa makusudi?"

"Nilidhani utalivaa kwenye msiba wangu. Nikasema angalau mtu mmoja apate shida ya kweli."

Sista Mrefu akageuka ukutani, mabega yanamtikisika. Mweka Hazina akaupapasa ule mshono. "Sasa si uliachie!"

"Kitambaa kipo, nimekukunjia ndani ya mshono, hakijakatwa. Kazi ya dakika kumi." Mama Pindo akaegemea ukuta, dripu inadondoka juu ya kichwa chake, tone kwa tone, akaanza kumtolea mwanamke wa gazeti kipimo cha mkono kwa macho. "Njoo nalo hapahapa siku ya dozi ya sita. Nitaliachia."